Neno "Gear" na Majivuno ya Asili

Wako watu wa namna mbili wanaobishana juu ya Kiswahili na ufundi, wasiopatana katika jambo lolote ila moja. Wa kwanza husema kwamba Kiswahili hakiwezi kufundishia uhandisi, kwa sababu majina ya zana zake ni ya kuazima: gia, spana, jeki, injini, pampu. Lugha isiyokuwa na jina lake yenyewe la spana, wasema, itawezaje kumfundisha kijana jinsi spana inavyofanya kazi? Wa pili husema kwamba Kiswahili chaweza, lakini sharti kwanza kisafishwe. Gia na spana zitolewe nje, na mahali pake yawekwe maneno yaliyozaliwa nyumbani. Kundi la kwanza laidharau lugha, kundi la pili laitukuza, lakini yote mawili yamesimama juu ya ubao mmoja. Ubao huo ni imani kwamba neno ni mali ya mahali lilipozaliwa, na kwamba anayeazima jina la chombo amekiri umaskini wa akili yake.

Ubao huo umeoza. Kuuonyesha uozo wake hakuna haja ya kwenda mbali. Yatosha kuichukua lugha ile ile ambayo kundi la kwanza huisujudia na kundi la pili huihofu, yaani Kiingereza, na kuuliza: jina "gear", ambalo Waingereza hulitumia kila siku kwa zana za kazi, wamelipata wapi?

Ni neno la kawaida kabisa. Kwa Mwingereza nyavu na ndoana za mvuvi ni "gear". Kamba na viatu vya mpanda milima ni "gear". Nguo za mvua, mizigo ya askari, magurudumu ambayo ndege hutua juu yake, vyote huweza kuitwa kwa jina hilo. Na magurudumu yenye meno, yanayokamatana na kuzungushana ndani ya mashine, nayo ni "gear". Hii ya mwisho ndiyo maana iliyovuka bahari ikaja Afrika ya Mashariki pamoja na motokaa, ikavaa sauti za Kiswahili, ikawa gia. Kwa hiyo asemaye kwamba gia ni neno la kuazima amesema kweli. Kosa lake ni kudhani kwamba aliyeazimwa alikuwa mwenye mali.

"Gear" halikuzaliwa Uingereza. Mwaka 793 watu wa bahari kutoka Skandinavia waliishambulia nyumba ya watawa ya Lindisfarne, katika kisiwa cha pwani ya kaskazini. Mwaka 865 likaja jeshi kubwa, na safari hii wageni hawakuja kupora na kuondoka tu. Waliteka, wakagawana mashamba, wakakaa. Miji ya Derby, Grimsby na Whitby hata leo inabeba katika mwisho wa majina yake neno la wageni hao lenye maana ya kijiji. Kati ya mwaka 1016 na 1035 mfalme wa Uingereza nzima alikuwa Mdenmaki, Cnut. Wageni na wenyeji waliishi jirani, wakauziana mifugo, wakaoana. Na katika kuishi huko maneno yalipita kutoka mdomo hata mdomo. Mmoja wa wapitaji hao alikuwa "gervi", jina la wageni la mavazi, silaha na vifaa. Ilipofika karibu na mwaka 1200, neno hilo lilikuwa limekwisha ingia katika maandishi ya Kiingereza.

Msomaji mwangalifu atauliza: yajulikanaje kwamba neno lilitoka kwa wageni, halikurithiwa na Waingereza kutoka kwa babu zao, na hali lugha hizo mbili zilikuwa ndugu? Ushahidi umo katika sauti yake ya kwanza. Katika Kiingereza cha kale, g iliyofuatwa na irabu kama i au e aghalabu ililainika ikawa y. Ndiyo sababu Mjerumani huita rangi ya manjano "gelb", naye Mwingereza huiita "yellow". Mjerumani huita jana "gestern", naye Mwingereza huiita "yesterday". Lau "gear" lingekuwa la wenyeji, nalo lingeanza kwa y. Tena ndugu yake mwenyeji alikuwako, naye alianza kwa y kama kanuni itakavyo: ni "yare", maana yake tayari, neno ambalo Shakespeare aliwatia vinywani mabaharia wa tamthilia yake The Tempest, yapata mwaka 1611. Leo "yare" limetoka katika usemi wa kawaida. Mwenyeji amehama, na mgeni mwenye g ngumu ndiye anayekaa nyumbani. Wala hakuna Mwingereza anayeona haya kwa jambo hilo.

Jambo la maana ya neno ni la ajabu zaidi. Katika lugha ya wageni, "gervi" ni jamaa ya "görr", yaani tayari, na ya "gera", yaani kufanya. Vifaa ni vile vimwekavyo mtu tayari. Wajerumani, kwa shina hilo hilo, husema "gar" kwa chakula kilichokwisha kuiva, na "gerben" kwa kutengeneza ngozi mpaka ifae kwa kazi. Hata "tool", neno la zana ambalo Waingereza walilirithi kweli kutoka kwa wazee wao, limetoka katika shina la kutengeneza na kutayarisha. Dada yake ni "taw", kuilainisha ngozi. Basi mataifa haya yalipotaka kuipa zana jina hayakutazama chuma wala mti wake. Yalimtazama mtu aliyekwisha jiandaa kwa kazi.

Walakini mwanzo huo haukulifunga neno. "Gear" lilianza kwa mavazi na silaha. Likaenda kwa hatamu na mikanda ya farasi. Likaingia jikoni na ghalani. Katika Uskoti likawa jina la mali, hata la fedha. Katika karne ya 16 likashika magurudumu yenye meno. Katika miaka ya 1960 vijana wa Liverpool walilifanya neno la sifa, kwa kitu kilicho kizuri sana. Na katika vichochoro vingine limekuwa jina la siri la madawa ya kulevya. Sasa anayeshikilia kwamba asili ya neno ndiyo kweli yake aamue: katika maana hizi ni ipi iliyo halali? Akifuata imani yake sawasawa, hana budi kumwambia fundi wa Manchester kwamba amekosea kuyaita magurudumu ya mashine "gear", maana jina hilo ni la upanga na vazi. Fundi atacheka, na atakuwa na haki ya kucheka.

Wala "gear" si neno la pekee. Mtu akiifungua sanduku ya zana ya Mwingereza ataona mkutano wa mataifa. Nyundo, msumeno na shoka vina majina ya wenyeji. Kisu kina jina la wale wale waliokuja na "gear". Patasi imepewa jina na Wafaransa. "Instrument" na "utensil" ni Kilatini kilichopitia Ufaransa. "Machine" imeanza kwa Wayunani. "Engine" lilikuwa neno la Kilatini la akili na kipawa cha kuzaliwa. Likashuka kutoka kichwani mwa mtu likaingia katika chuma. Na "spanner", hilo ambalo Kiswahili kinalaumiwa kwa kuliazima, Waingereza waliliazima kwa Wajerumani katika karne ya 17, likiwa jina la kifaa cha kukazia gurudumu la bunduki za zama zile. Yule anayemcheka Mswahili kwa spana anamcheka kwa kuazima kitu cha kuazima.

Ajabu kubwa ni lile walilolitupa. Waingereza walikuwa na neno la nyumbani lililotumika kwa chombo chochote cha kazi. Ndilo lililo leo "loom". Hawakulitunza katika upana wake. Waliliacha lisinyae mpaka likabaki na chombo kimoja tu, kile cha kufumia nguo. Maana yake ya zamani imejificha katika "heirloom", kitu cha kurithi. Jina la asili lilisinyaa, la mgeni likatanuka, na lugha haikufa. Iliendelea kukua mpaka watu wengine wakaidhania kuwa imezaliwa kamili.

Sasa na irudiwe pwani ya Afrika ya Mashariki, maana huko nako neno la vifaa limesafiri safari iyo hiyo. Waarabu wana "jihaz", au "jahaz": vifaa vya msafiri, vya bibi arusi, vya maiti anayeandaliwa kwa kaburi. Katika Sura ya Yusuf neno hilo latumika kwa shehena ambazo Yusuf aliwafungia ndugu zake. Shina lake ni la kuwa tayari. Mwarabu aliye tayari husema "jahiz". Ni wazo lile lile la watu wa Skandinavia, na hakuna aliyemwiga mwenziwe. Neno hilo likaenda kwa Waajemi na Wahindi likawa jina la merikebu, na kwa Waswahili likawa jahazi. Baharia wa Lamu asemaye jahazi hafikirii hata kidogo vifaa vya bibi arusi. Anafikiri tanga, mkuku na upepo wa kaskazi. Je, jahazi si neno la Kiswahili? Aliye na ujasiri wa kusema hivyo aende akawaambie wajenzi wa majahazi.

Tena Kiswahili chenyewe, bila ya kufundishwa na mtu, kimelifanya neno chombo kuwa jina la kifaa cha kazi na jina la merikebu kwa pamoja. Katika sanduku ya seremala Mswahili hukutana nyundo na shoka za Kibantu, msumari wa Kiarabu, randa ya Kiajemi, parafujo ya Kireno, na spana iliyotoka Ujerumani kwa njia ya Uingereza. Sanduku hiyo ni sawa na ya Mwingereza. Tofauti yake ni moja: Mwingereza huifungua kwa fahari, naye Mswahili amefundishwa kuifungua kwa aibu.

Aibu hiyo si jambo la wanachuo peke yao, ina gharama. Mwaka 1967 Tanzania ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi, na mwaka huo huo Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria. Mwaka 1982 tume iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza kwamba Kiswahili kipande hadi shule za sekondari kuanzia mwaka 1985, kisha kiende chuo kikuu. Pendekezo hilo halikutekelezwa, na hadi leo shule nyingi za sekondari nchini hufundisha kwa Kiingereza. Sababu zilizotajwa katika mjadala huo wa miaka mingi ni nyingi, lakini moja haikosekani: maneno hayapo, na yaliyopo ni ya kuazima.

Hoja hiyo na ijaribiwe kwa kazi. Gurudumu lenye meno 12 likilisukuma gurudumu lenye meno 36, lile dogo litazunguka mara tatu ndipo kubwa lizunguke mara moja. Mwendo umepungua mara tatu, lakini nguvu ya kuzungusha imezidi mara tatu, ukiondoa kidogo kinachopotea kwa msuguano. Ndiyo sababu dereva mwenye shehena nzito akifika mlimani hutia gia ndogo: anaununua uwezo kwa kuuza mwendo. Maelezo hayo yamekwisha, na ni ya Kiswahili tangu mwanzo hata mwisho. Neno gia halikuyazuia. Ndilo lililoyafungulia mlango, kwa sababu kila kijana aliyepata kupanda daladala analijua. Lakini kijana huyo huyo, aijuaye gia kwa mkono na kwa sikio, akiingia katika mtihani hutakiwa aieleze kwa sentensi alizozikariri katika lugha asiyoimudu. Akishindwa, huandikwa kwamba hajui gia. Kweli ni kwamba hakuulizwa.

Watetezi wa kundi la kwanza watajibu kwamba Uingereza si mfano mwema, maana Kiingereza kiliazima kikiwa bwana nyumbani mwake, na Kiswahili chaazima kikiwa mnyonge. Jibu hilo lasahau historia. Baada ya mwaka 1066 wafalme na wakuu wa Uingereza walisema Kifaransa, na Kiingereza kilikuwa lugha ya mkulima na mchunga nguruwe. Kesi zilisemwa kwa Kifaransa mbele ya watu wasiokielewa. Mwaka 1362 bunge lilitoa sheria kwamba kesi zisemwe kwa Kiingereza, kwa kuwa watu walikuwa hawajui yanayosemwa kwa ajili yao wala dhidi yao. Na sheria hiyo yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa. Haikungoja Kiingereza kipate kwanza majina yake safi ya hakimu, baraza na mahakama. Kiliingia mahakamani na maneno ya kuazima mkononi, na mengi ya hayo kinayo mpaka leo: "judge", "jury", "court". Haki ilitangulia, msamiati ukafuata. Huo ndio utaratibu uliokipa Kiingereza nguvu, na ndio ambao Kiswahili kinanyimwa.

Kundi la pili nalo lina neno la kuambiwa. Methali yao ni mwacha asili ni mtumwa, na ni methali ya hekima mahali pake. Lakini asili ya lugha ni namna yake ya kuyatawala maneno. Si orodha ya maneno yenyewe. Gia imeingia katika ngeli, imekubali gia yangu na gia zake, imepata matendo yake ya kutia na kubadili. Tena imezaa mfano ambao Mwingereza hakuufundisha: mtu ageuzaye shauri ghafula, katikati ya safari, Waswahili husema amebadili gia angani. Neno lililozaa mjazo wa namna hii limekwisha kuwa mwenyeji. Kulifukuza ni kumfukuza mjukuu kwa sababu babu yake alikuja kwa meli.

Uingereza nako walitokea watu wa kusafisha. William Barnes, mshairi wa Dorset aliyeishi kati ya mwaka 1801 na 1886, alitaka Kiingereza kirudi katika maneno ya asili. Badala ya "photograph" alitaka "sun-print", chapa ya jua; badala ya "omnibus" alitaka "folkwain", gari la watu. Maneno hayo ni mazuri, na yana mashairi ndani yake. Watu hawakuyachukua. Kiswahili nacho kimeonja matunda ya bidii isiyopatana: mashine moja ya hesabu na maandishi imeitwa kompyuta, na tarakilishi, na ngamizi, na mwanafunzi avukaye mpaka wa Kenya na Tanzania aweza kukuta kitabu chake cha jana kimekuwa kigeni. Hasara ya lugha haikuletwa na neno la kuazima. Imeletwa na watu wasiokubaliana juu ya neno moja.

Hii haina maana kwamba kila neno lipokewe pasipo kuulizwa. Pale ambapo Kiswahili kina jina zuri linalojulikana, kuliacha kwa ajili ya kujionyesha ni upuuzi. Mwenye nyundo asiyeitaja mpaka aseme Kiingereza hakuongeza ujuzi, ameongeza majivuno tu. Pale ambapo jina la nyumbani lingefaa na watu wakalipenda, na litungwe. Na kuazima jina bila ya kuazima maarifa yake ni kununua ala bila ya kisu. Lakini mambo hayo huamuliwa kwa kazi na kwa matumizi. Hayaamuliwi kwa kuchunguza cheti cha kuzaliwa cha neno.

"Gear" halikuwa na cheti hicho. Lilikuja na wavamizi, likabaki na wakulima, likaenda na mafundi, likafika Afrika ya Mashariki. Waingereza hawakulisubiri lizaliwe upya ndipo wajenge mashine zao. Mchagua jembe si mkulima, walisema wazee. Na wanaoendelea kuyachagua majembe ya Kiswahili, hawa kwa dharau na hawa kwa mapenzi, wanauacha msimu wa mvua uwapite, na shamba lililolala ni la watoto wa wengine.